Blauzi Iliyogoma Kukaa

Fundi Sentimita hakuwahi kukosea kukata nguo. Huo ndio ulikuwa msimamo wake, na aliyetaka kubishana naye alitakiwa kwanza avue shati lake likaguliwe. Watu walisema ana tepu ya kupimia ndani ya jicho. Siku moja, akiwa ameketi kwenye cherehani yake, alimwona bwana harusi akipita ng'ambo ya barabara na suti aliyoshonewa kwingine. Akatikisa kichwa, akasema, "Ile suruali haifiki kwenye keki." Na kweli haikufika. Ilipasuka katikati ya hotuba ya baba mkwe, na mpaka leo ile familia inashikilia kwamba yale yalikuwa makofi.

Alikuwa na miaka sitini na miwili, mkasi mmoja mzito kama dhamira mbaya, na sigara. Sigara ilikaa pembe ya kulia ya mdomo, pini zikakaa pembe ya kushoto, na maneno yakapita katikati bila kugusa upande wowote. Majivu hayakuwahi kudondokea kitambaa cha mteja. Wapo waliodai yalimwogopa.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na cherehani mbili chini ya dirisha, meza ndefu ya kukatia, rafu ya vitambaa, na mdoli wa kupimishia nguo, asiye na kichwa wala mikono, aliyejazwa pamba. Mdoli huyo alikuwa ametengenezwa kwa vipimo vya fundi mwenyewe, sentimita kwa sentimita, miaka ishirini iliyopita. Na mwisho kabisa wa chumba, karibu na mlango, palikuwa na meza ya pasi, na nyuma ya meza ya pasi palikuwa na wifi.

Wifi huyu alikuwa dada wa marehemu mumewe. Alikuja matangani na mfuko mmoja wa nguo, akasema atakaa siku tatu. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na tisa. Asubuhi ya siku ya nne alishika pasi kwa sababu hakupenda jinsi kola zilivyolala, na hajaiweka chini tangu hapo. Hakuvuta sigara hata siku moja. Alisema hana haja ya kununua, moshi wa wifi yake unamtosha na chenji inabaki.

Sasa, kila mwaka Fundi Sentimita alijishonea blauzi moja mpya kwa karatasi ileile ya kukatia. Mikono mifupi, kola ndogo, na mikunjo miwili ya kifuani, mmoja kila upande, ile inayofanya kitambaa kifuate umbo badala ya kuning'inia kama pazia. Mwaka huu aliikata, akaishona, akaivaa, akasimama mbele ya kioo. Upande wa kulia ulikaa kama kawaida. Upande wa kushoto ulivuta. Palikuwa na kijistari cha kitambaa kilichokimbia kutoka kwenye mkunjo kuelekea kwapani, kama kuna mtu ndani anavuta kamba.

"Wifi," alisema wifi yake kutoka kwenye meza ya pasi, "hiyo blauzi umeivaa au imekushika mateka?"

"Ni uzi. Uzi wa siku hizi unajikunja."

Akafumua mkunjo wa kushoto, akaulegeza nusu sentimita. Blauzi ikavuta. Akabandua mkono mzima, akaupachika upya. Ikavuta. Akalaumu kitambaa, akanunua kingine, akakata blauzi ya pili. Ikavuta palepale, kwa adabu ileile.

"Uzee huo," wifi alisema. "Mkasi umestaafu, ila umeona aibu kukuaga."

"Wewe piga pasi. Mambo ya mkasi waachie wenye nao."

Akakata ya tatu. Safari hii alipima mara mbili, akachora kwa chaki iliyochongwa kama sindano, na akakata bila kupumua. Wifi alisema aliona uso wake unageuka rangi ya kitambaa. Alipomaliza, aliitupa kwenye meza ya pasi. Wifi akainyoosha vizuri, kisha, kwa kuwa hanga zote zilikuwa na nguo za wateja, akamvisha yule mdoli ili ipoe.

Ikakaa kama maji kwenye bakuli. Kulia sawa, kushoto sawa, hakuna kijistari wala mkunjo wa ziada.

Wifi aliitazama kwa muda mrefu. Alikuwa na mzaha mdomoni tayari, fundi aliuona kabisa ukisogea kwenye midomo, lakini haukutoka. Hilo ndilo lililomtisha. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumwona wifi yake akimeza mzaha.

"Nguo haina kosa, wifi," alisema taratibu.

"Nilikuambia."

"Na mdoli ni wewe."

"Ni mimi wa zamani. Nimenenepa."

"Mtu hanenepi upande mmoja. Funga mlango, uvue."

Wifi alichukua tepu kutoka shingoni mwa fundi, jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulifanya. Akapima kutoka begani hadi kwenye chuchu, upande wa kulia. Akapima upande wa kushoto. Akarudia. Tofauti ilikuwa sentimita mbili kasoro kidogo. Titi la kushoto lilikuwa limepanda na kuingia ndani kidogo, kama kitufe kilichoshonwa kwa nguvu mno.

"Umeliona lini?"

Fundi Sentimita aliwasha sigara kwanza. "Miezi miwili. Nilifikiri ni kioo."

"Wewe ambaye unaona suruali ya mtu ng'ambo ya barabara."

"Basi. Nilifikiri nitarekebisha blauzi."

Kwa hiyo kosa lilikuwapo, na lilikuwa lake. Fundi mwingine angejipapasa. Yeye alikuwa amefumua mishono kwa wiki nane akitafuta kwenye pamba kitu kilichokuwa kwenye nyama.

*

Daktari wa hospitali alikuwa mwanamke ambaye sare zake zote za shule zilipita mikononi mwa fundi. Fundi hakukumbuka jina lake ila alimkumbuka kwa vipimo.

"Bega lako la kulia bado liko chini," alimwambia alipoingia. "Ni mkoba huo. Nilikuonya ukiwa darasa la tano."

Vipimo vya hospitali vilichukua siku kadhaa. Walimpiga picha, wakamchoma sindano wakatoa kinyama cha kwenda kuangaliwa. Akaomba aione hiyo sindano, akasema ni nene mno kwa kazi ile. Majibu yalipotoka, daktari hakuzunguka. Ilikuwa saratani. Ilikuwa bado ndogo, na kwa walivyoona haikuwa imesambaa, lakini kwa mahali ilipokaa, titi lote la kushoto lingeondolewa. Tarehe ilikuwa wiki tano mbele.

Fundi aliitikia kwa kichwa kama anayepokea oda ngumu. Wifi alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Unavuta sigara ngapi kwa siku, mama fundi?"

"Chache."

Daktari akamgeukia wifi.

"Ukihesabu zile anazowasha kabla iliyopo haijazimika," wifi alisema, "pakiti na robo."

"Sasa hilo linahusu nini?" fundi aliuliza. "Moshi unakwenda mapafuni. Hilo nalijua, limeandikwa kwenye pakiti. Lakini titi lina bomba gani?"

Daktari akamjibu kwa swali. "Ukiweka kitambaa cheupe kwenye beseni, ukamwaga rangi, kona gani inabaki nyeupe?"

"Ukikoroga vizuri, hakuna."

"Basi moshi unaingia mapafuni, mapafuni unaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayokoroga. Haichagui kona. Watafiti wamekuta vitu vya kwenye tumbaku mpaka ndani ya majimaji ya titi. Ulianza ukiwa na umri gani?"

Hapo fundi alicheka, kwa sababu ilikuwa hadithi yake nzuri kuliko zote. Alianza akiwa na miaka kumi na saba, kwenye kiwanda cha mashati. Vumbi la pamba lilikuwa zito kiasi kwamba ukipiga chafya ulitoa leso iliyoshonwa tayari. Na hakukuwa na mapumziko ila kwa wavutaji. Msimamizi mwenyewe alikuwa mvutaji, akawaonea huruma wenzake: dakika kumi nje, asubuhi na mchana. Asiyevuta alibaki kwenye vumbi. "Kwa hiyo nilijifunza kuvuta sigara," alisema, "ili nipate hewa."

Wifi alicheka. Daktari naye alicheka, ila kalamu yake haikuacha kuandika.

"Na mtoto wa kwanza?"

"Ishirini na tano."

"Miaka minane katikati. Titi la msichana huwa bado linajijenga, na linadhurika kirahisi. Utafiti mwingi unaonyesha kwamba walioanza kuvuta kabla ya mtoto wa kwanza, hatari yao hupanda kidogo."

"Kwa hiyo ni sigara."

"Sitakudanganya. Hakuna daktari anayeweza kushika uvimbe mmoja akasema huu umeletwa na sigara ile. Wapo wasiovuta wakapata, wapo waliovuta mpaka vidole vikageuka rangi wasipate. Sigara inaongeza uzito upande mmoja wa mizani, basi. Kwenye upasuaji ndipo sina shaka hata kidogo: moshi unazuia kidonda kupona, sigara uache leo." Kisha akamtazama wifi. "Na wewe unakaa naye chumba kimoja?"

"Mwaka wa kumi na tisa. Nilikuja kwa siku tatu."

"Panda kitandani nikukague."

Wifi, ambaye alikuwa na jibu kwa kila mtu kuanzia mchungaji hadi mkusanya ushuru, alipanda kitandani kama alivyoamriwa. Fundi alibaki upande wa pili wa pazia akisikiliza karatasi ya kitanda ikikwaruza. Kusikia neno saratani hakukumvuruga. Sasa alijaribu kuhesabu pakiti za miaka kumi na tisa mara mtu mmoja asiyewahi kununua hata kiberiti, akashindwa, yeye ambaye hesabu za mita alizifanya usingizini.

Pazia likafunguliwa. "Yuko sawa," daktari alisema. "Ila awe anakaguliwa. Na chumba kile kipate hewa."

"Nimeambiwa nina kifua cha msichana," wifi alisema akifunga vifungo.

"Hakusema hivyo."

"Wewe ulikuwa nyuma ya pazia, ungesikia nini?"

*

Fundi Sentimita aliacha sigara kwa njia pekee aliyoijua. Alizipanga sigara za pakiti nzima mezani, akazipima kwa tepu, na kila asubuhi akazikata kwa wembe: leo sentimita moja, kesho karibu mbili. Siku ya sita alikuwa anavuta kitu kifupi kiasi kwamba ili kukiwasha ilibidi wifi ashike kiberiti na yeye ashike imani. Siku ya saba kilibaki kichujio kitupu. Akakitupa dirishani, na inasemekana mbuzi mmoja aliyekiokota alikohoa mpaka jioni.

Wiki mbili zikapita bila moshi. Madirisha yalifunguliwa, wateja wakaanza kusema hawakujua kuta zile zilikuwa za bluu. Wifi alitangaza mtaa mzima kwamba wifi yake ni mwanamke wa chuma. Kilichomshangaza tu ni jinsi ilivyokuwa rahisi. Mtu wa miaka arobaini na mitano ya sigara alitakiwa angalau arushe mkasi. Huyu alikuwa ametulia, anashona, midomo imefumbwa, kama paka aliyejua maziwa yalipo.

Jibu lilitoka kwenye pasi. Ilikuwa Jumanne, wifi ananyoosha aproni ya fundi. Pasi ilipopita kwenye upindo wa chini, iligonga vitu vidogo vigumu, kisha ukapanda mvuke wenye harufu ya minti. Chini ya minti palikuwa na harufu nyingine, ya zamani, ambayo pua yake iliifahamu kwa miaka kumi na tisa.

Akazima pasi. Akachukua kifumulio, akafumua upindo kwa utulivu, na vikadondoka mezani vijifuko vyeupe, vidogo kama mito ya sisimizi. Vilikuwa tisa, vimeshonewa kila kimoja kwenye chumba chake, kwa mshono mzuri ajabu.

"Wifi. Hivi ni nini?"

Fundi aliangalia cherehani. "Dereva mmoja wa lori alinipa. Unaweka chini ya mdomo. Ni nikotini tu. Hakuna moshi, hakuna majivu. Daktari alisema sigara. Mteja akisema kola, mimi sishoni mfuko."

"Kama ni halali, kwa nini umevishonea ndani ya upindo?"

Fundi Sentimita akakanyaga cherehani, ingawa haikuwa na uzi.

Wifi hakupiga kelele. Alikwenda chumba cha nyuma, akarudi na mfuko mmoja wa nguo. Ulikuwa uleule, mpini wake umeshonwa mara tatu.

"Unakwenda wapi?"

"Nilikuja hapa kwa matanga ya kaka yangu. Siku tatu nikazifanya miaka kumi na tisa, kwa sababu wewe hujui kupiga kola pasi. Ya matanga yako, wifi, sina nafasi."

"Zimebaki wiki mbili tu. Nivumilie."

"Mpigie daktari. Akisema vijifuko sawa, naweka mfuko chini na nakushonea upindo mwenyewe."

Fundi alimpigia, simu ikiwa wazi mezani katikati yao. Alieleza kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa niaba ya jirani.

"Mama fundi, nikotini si mkosaji peke yake, na mabaya mengi yako kwenye moshi. Hilo nakupa. Lakini nayo si mgeni mwema. Kule maabara, seli za saratani ya titi zikipewa nikotini zimeonekana kukua na kuhama. Kwa binadamu bado tunalichunguza, sitakuapia. Ninachokuapia ni hiki: inabana mishipa midogo ya damu. Nitakapokufunga, kingo za ngozi zitahitaji damu ili zishikane. Zikiikosa, zinakufa. Umewahi kushona kitambaa kilichooza?"

"Uzi unakikata," fundi alisema polepole. "Unashona hapa, kinachanika pale."

"Upasuaji siahirishi, saratani haitusubiri. Kwa hiyo siku ile nitashona kitambaa utakachoniletea. Niletee kizuri."

Simu ikakatika. Wifi alikuwa bado amesimama na mfuko wake.

Fundi Sentimita alitema kitu kidogo cheupe kwenye kiganja. Kumbe muda wote ule kilikuwa kinywani. Akakusanya na vile tisa, akavikata vipandevipande kwa mkasi ule ambao hakuwa akiukatia hata karatasi, asije akauharibu makali.

"Weka mfuko chini," alisema. "Una mpini mbaya. Nitakushonea mwingine."

Siku zilizofuata hazikuwa za mwanamke wa chuma. Mkasi ulirushwa, hatimaye, na wifi akafurahi kuuona. Mteja mmoja alirudishiwa suruali yenye mguu mmoja mrefu, akaambiwa ajaribu kutembea kwa adabu. Fundi alilia kwa sababu ya bobini. Alitafuna penseli tatu, na ya nne ilifichwa. Wifi alichemsha chai mpaka birika likaomba likizo, na kila asubuhi alipiga pasi pindo zote za nyumba, pazia kwa pazia, kwa amani na upendo.

*

Baada ya upasuaji, daktari alipoondoa bandeji kwa mara ya kwanza, fundi aliomba kioo. Wengi huangalia pembeni. Yeye alivaa miwani.

Alisogeza kioo taratibu kutoka katikati ya kifua hadi kwapani. Palikuwa tambarare pale ambapo maisha yake yote palikuwa na kilima. Kisha akatazama mshono wenyewe. Kingo zilikuwa zimekutana, rangi yake hai, hakuna palipoachia.

"Umevuta uzi kidogo upande wa kwapa," alisema.

"Nisamehe."

"Lakini umeshika." Akapitisha kidole hewani, juu ya mshono, bila kuugusa. "Umeshika vizuri."

"Ulileta kitambaa kizuri," daktari alisema. Bado palikuwa na dawa za miezi mingi mbele yao, na hakumficha.

Mwezi ulipopita, Fundi Sentimita alirudi kwenye chumba cha kazi. Hakuenda kwenye cherehani. Alikwenda kwa mdoli. Akamfumua ubavuni, akaingiza mkono, akatoa pamba ya upande wa kushoto, fungu kwa fungu, mpaka kifua kile kikawa sawa na chake. Akamshona tena. Kisha akatandaza karatasi mpya ya kukatia, akaikunja ile ya zamani mara nne na kuitia drooni, akachora blauzi yenye mkunjo mmoja.

Wifi alimwachia amalize. Alipoona mezani imebaki ile pamba, akauliza, "Na hiyo tunaifanyia matanga?"

"Hiyo ina kazi." Fundi akachukua kipande cha kitambaa cha bluu, akashonea ile pamba ndani, ukawa mto mdogo wa mviringo, imara, saizi ya kiganja. Akauweka kando ya cherehani. Akazitoa pini zote kwenye pembe ya kushoto ya mdomo, moja moja, akazichomeka humo.

Blauzi ilikaa siku ileile. Wifi aliinyoosha, akamvisha mdoli, kisha akamvisha fundi mwenyewe, akazunguka mara mbili akitafuta kijistari.

"Haivuti," alisema.

"Nilikuambia sikosei. Na nyuma imekaaje? Na kola? Hiyo kola umeipiga kwa pasi au kwa kisigino? Halafu nilitaka kukuambia tangu asubuhi, yule mteja wa gauni la kijani, ukimwona..."

Wifi alikaa chini na pasi yake mkononi. Sigara ilikuwa imetoka pembe ya kulia, pini zimetoka pembe ya kushoto, na sasa maneno yalikuwa na mdomo mzima. Yaliendelea mpaka saa ya kufunga.

"Daktari hakunionya kuhusu hili," alisema wifi, na akafungua dirisha lingine.